Trela ya Keeley

Mlango wa stoo ulipopasuka kwenye skrini, darasa zima liliangua kicheko.

Keeley Thackray, aliyesimama kando ya projekta, hakucheka. Ilikuwa Ijumaa, kipindi cha mwisho, na wiki nzima alikuwa akizunguka na trela yake, video fupi ya kutangaza filamu, darasa hadi darasa. La kwanza lilipiga miayo. La pili liliuliza kama ni tangazo la fundi seremala. Alitaka mtazamaji mmoja tu aseme ameogopa, na mpaka saa hiyo hakuwa amempata.

Sharti la somo lilijulikana na kila mwanafunzi wa filamu katika shule yao mjini Grimsby, Uingereza. Unatengeneza trela ya filamu ya kutisha na bango lake, unawaonyesha wenzako, wanakukosoa, kisha unarekebisha. Bila maoni ya watazamaji, kazi haipokelewi. Na kwa kuwa hakuna aliyekuwa na hela ya waigizaji, kila mtu alirekodi nyumbani na kuwapanga ndugu zake. Mcheza kwao hutuzwa. Bibi yake Ellis aliigiza maiti ndani ya bafu, akashindwa kujizuia kucheka, maji yakamwingia puani, na bado alipigiwa makofi.

"Hebu tuelewane," Ellis alisema huku akijifuta machozi ya kicheko. "Muuaji anaingia jikoni, anajipangusa viatu vizuri, anaweka chipsi zake mezani, ndipo anaanza kuvunja mlango wa stoo? Muuaji gani ana adabu hivyo?"

"Kashinda na njaa, maskini!" mmoja alidakia kutoka nyuma.

"Halafu ni Kocha Craig, jamani! Baba yako wa kambo ndiye anayetuchomea soseji baada ya mechi. Mimi nitamwogopaje Craig?"

Hapo Ellis alisema kweli tupu. Mtaani hakukuwa na mtu aliyependwa kama Craig. Theluji ikianguka, yeye ndiye aliyetoka na sepetu kuwasafishia wazee njia zao, tena huku akipiga mluzi.

Keeley aliinua mkono kuwatuliza. "Msimwangalie kama Craig. Angalieni anachofanya."

"Tunaangalia, lakini haitishi," alisema Zofia, ambaye kwa kawaida hakuwa na neno baya kwa mtu. "Hata muziki hakuna. Kamera imeganda palepale. Na mama yako kule stoo hapigi kelele. Kwenye filamu ya kutisha mtu anapiga kelele, bwana."

"Akipiga kelele majirani watasikia."

"Si ndiyo raha yenyewe!" Ellis alipiga meza, wakacheka upya.

"Kwa nini asiite polisi?" mwingine aliuliza.

"Walishakuja siku moja. Yule mwanamume akawatengenezea chai, wakapiga stori za mpira, wakaenda zao."

"Hiyo haimo kwenye trela," Ellis alisema. "Kama haimo, haihesabiki."

Hawakuwa watoto wabaya. Waliambiwa wakosoe, nao walikosoa kwa bidii, mabegi yakiwa tayari mgongoni kwa sababu ya wikiendi. Lakini Keeley hakuwa amemaliza. Akatundika bango lake haraka kabla hawajaanza kuchungulia saa. Lilionyesha ndara moja ya kike sakafuni, imelala kifudifudi katikati ya vipande vya mbao.

"Ndara?" Ellis aliuliza. "Tukimbie ndara? Weka damu, dada. Bibi yangu amebakiwa na chupa nzima ya tomato."

"Naomba niulize jambo moja tu," Keeley alisema. Hakujali tena nani anasikia. "Yule msichana aliyejificha stoo na mama yake. Ingekuwa wewe, ungefanya nini?"

Zofia aliwaza kidogo. "Ningemwambia mtu. Mwalimu, au mtu mzima yeyote."

"Na wasipomwamini? Kama wote wanampenda yule mwanamume?"

"Basi akae humohumo," Ellis alisema, "tupate na sehemu ya pili."

Kengele ililia. Viti viliburuzwa, vicheko vikamalizikia kwenye korido, na kupitia dirishani Keeley aliwaona wakikimbilia basi. Hata mmoja hakuwa ameogopa. Alibaki ameshika ukingo wa meza, amekata tamaa kabisa, koti lake bado likining'inia kwenye kiti kana kwamba hana pa kwenda.

Madam Cawthorne, mwalimu wao, alizima projekta. Alikuwa mwanamke mwenye huruma, na haraka zake za Ijumaa hazikumzuia kumshika binti huyu begani.

"Usivunjike moyo, mwanangu. Wazo lako ni zuri. Tatizo ni mwigizaji, na madarasa yote yamesema hivyohivyo. Hawamwamini."

"Hata wewe, Madam?"

"Hata mimi, nisikufiche. Anaonekana mtu mwema mno. Sasa sikiliza, kazi inakusanywa Jumatatu, kwa hiyo una wikiendi nzima. Mwombe Craig arudie ile sehemu. Aje bila chipsi, na awe mkali tangu mlangoni. Unafikiri atakubali?"

Keeley alianza kulikunja bango lake.

"Hata hiyo sikumwomba, Madam," alisema. "Hurudia mwenyewe kila Ijumaa, na bado hajajua kwamba huwa naacha simu juu ya friji."