Dawa ya Kumsahau Popo

Siku hizo, mtoto akishamwachia popo yatima aliyemlea, hunyweshwa dawa ya kumsahau, asije akamwita akarudi kwa watu. Karatasi ya dawa ilionya kuwa mtoto amlishe peke yake, kwa kuwa dawa humfuta akilini popo pamoja na kila aliyekuwapo akilishwa. Bi Mize alidhani wanatisha watu tu. Bibi gani angekaa kitako amtazame mjukuu akihangaika? Kwa miezi miwili alimfunga popo kwenye kipande cha kanga, Raya akamdondoshea maziwa, wakawa wanaicheka pamoja ile sura yake ya kimbwa.

Magharibi ile popo aliruka, akapotelea juu ya mikarafuu. Raya alilia, kisha akanywa.

"Chungu, bibi!"

"Meza, mwanangu. Kesho hutajua hata ulilia nini."

Asubuhi Bi Mize alimkuta Raya amesimama kizingitini, kanzu yake imekunjamana.

"Shikamoo," akasema Raya.

"Marahaba. Njoo unywe uji, umeshapoa."

Mtoto hakusogea. "Ahsante, mama," akajibu kwa adabu, "lakini nimekatazwa kula kwa watu nisiowajua."