Mtazamaji wa Hamsini

Siku hizi mechi za vyuo vidogo hazionyeshwi kwenye televisheni. Huonyeshwa kwenye simu, nayo simu huhesabu nyuso za watazamaji. Wasipofika hamsini hadi mwisho, ushindi unafutwa.

Chuo alichochezea binti Tusekile kilikuwa kinaongoza mpira wa pete, dakika mbili zikibaki, watazamaji wakapungua hadi arobaini na tisa. Mama yake, Atupele, aliyekuwa akitazama nyumbani, alimkimbilia na simu mumewe aliyesinzia.

"Baba Tuse, amka! Fumbua macho tu, simu ikuone!"

Akafumbua. Hamsini! Filimbi ya mwisho ikalia, Atupele akacheza jikoni na mwiko mkononi.

Tusekile akapiga simu. "Mama, tumeshinda! Simu yako ilikuwa bado inakuonyesha, uwanja mzima umekuona kwenye skrini ukicheza!"

Atupele alicheka mpaka akatokwa machozi. Kisha, taratibu, akailaza simu kifudifudi.