Maji Kwanza, Kisha Asidi

Mama Zabibu akamwaga maji ndani ya asidi tena, na kwenye kompyuta ya mwalimu kila kitu kikalipuka.

"Yo! Mama!" Clément, mwalimu mwenyewe, akashika kichwa. "Juu ya nini unafanya vile?"

Mama alikuwa ametulia kitini, kofia ya mashine imemfunika macho na masikio. Ukiivaa mara ya kwanza, inakuuliza unaitwa nani, ikuite kwa jina hilo, kisha inakuingiza kwenye stoo ya asidi kama ilivyo, na mapipa yake na ngazi zake. Unapima, unachanganya, wala tone la kweli halikugusi. Ukifanya sawa, taa ya kijani inawaka, unavua, huirudii tena. Ukikosea, asidi inakurukia, na mwenzako wa kwenye mashine anakuja mbio kukuokoa. Clément huona picha tu. Sauti hubaki masikioni mwa aliyevaa.

Stoo nzima ilishafaulu. Hata Michée, ambaye mpaka leo hufunga kamba za viatu kwa kubahatisha, alifaulu siku ya kwanza! Akabaki mwanamke huyu, aliyechanganya asidi ya kweli tangu Clément angali na kamasi puani, na hajawahi kuungua hata ukucha.

Clément alikuwa amejaribu kila njia. Alimfundisha mpaka kwa bukari, ugali wa kila siku.

"Mama, ukipika bukari, unatiya nini mbele?"

"Maji."

"Kisha?"

"Bunga. Polepole."

"Njo vile vile! Maji mbele, asidi kisha. Ukimwanga maji juu ya asidi, inachemka, inakurukia ku sura."

"Ninajua, mutoto yangu. Bukari ninapikaka kila siku. Sasa ninapikaka kidogo tu."

Wenzake walikuwa na jibu lao: ni msiba. Kijana wake wa pekee, Yuma, dereva wa lori, alipinduka barabara ya Mokambo msimu wa mvua uliopita. Mama alimaliza kilio, akarudi kazini, akavaa glavu zake. Watu walimhurumia kweli, tusiwasingizie. Walikubaliana jina la marehemu lisitajwe mbele yake, kidonda kisitoneshwe. Waliozoea kumwita Mama Yuma wakajifunza kumwita Mama Zabibu. Kwa mdogo wake Rehema, kule Kampemba, ilikuwa hivyo hivyo. Mama akianza tu kusema "Yuma alikuwa anapenda," Rehema humkatiza dada yake: "Acha, yaya, usijiumize. Kunywa chai."

Basi anakunywa chai, anarudi kwake Makomeno, anawasha redio ili pawe na mtu anayesema. Upweke ni kitu kibaya, jamani, na wa kuzungukwa na watu wema ndio mbaya zaidi, maana huna hata wa kumlaumu. Anakula, anaosha sahani yake, analala.

"Huzuni imemukula akili," alisema Chileshe, mkubwa wa stoo, akiwa amesimama mlangoni. "Mikono inamutetemeka. Akikosa leo, njo mwisho. Mashine kesho inaenda Likasi, na mwenye hakufaulu haingie tena mu stoo."

Clément aliitazama mikono ile. Haikutetemeka hata kidogo, na hilo lilimkera kuliko yote. Hakutaka kumfukuza mama huyu. Akachuchumaa mbele yake, akamvua kofia taratibu. Uso wake ulikuwa umelowa.

"Mama, tafazali. Mashine kesho inaenda Likasi. Ukikosa tena, banakurudisha nyumba. Uko na muntu kule nyumba?"

"Hapana."

"Sasa utafanya nini?"

"Hii mashine inaenda kesho? Kweli?"

"Kweli."

Ndipo Clément alipoona hofu machoni mwake kwa mara ya kwanza. Afadhali, akawaza, sasa amezinduka.

Mama akavaa kofia mwenyewe. Kwenye kompyuta, Clément akamwona akivaa glavu, akishusha miwani, akikagua bomba la maji ya kuoshea. Akapima maji, akayatia kwenye pipa. Maji kwanza! Akainua asidi, akaanza kuimwaga, uzi mwembamba kabisa, kazi safi ya mtu aliyezoea. Chileshe mwenyewe alisogea kutazama.

Mama akaacha ghafla. Akaiweka asidi chini. Kisha, bila haraka, akalimwaga pipa lote, akalijaza asidi tupu, akachukua ndoo ya maji na kuimimina juu yake.

"Ee!" Chileshe akaondoka zake, akitikisa kichwa. "Nilikuambia."

Lakini Clément alikuwa ameona. Yule hakukosea. Alifanya makusudi! Damu ikampanda. Wiki nzima anambembeleza, kumbe anachezewa kama mtoto. Akainyakua ile kofia kutoka kichwani mwake.

"Mama, unanichezea?"

"Nirudishie!" Mama Zabibu alinyoosha mikono, machozi yakimtiririka. "Tafazali, mutoto yangu, haiyaisha! Njo anakuya!"

"Nani anakuya?"

Mama akaionyesha kofia kwa kidole. Clément, ambaye yeye mwenyewe hajawahi kukosea ndani ya mashine hiyo, akaivaa kofia juu ya kichwa chake. Mvuke ulikuwa umejaa stoo. Mtu wa mavazi ya njano alikuwa anashuka ngazi mbio, kijana, glavu mbele, akiita kwa sauti yote:

"Mama Yuma! Mama Yuma! Niko hapa, Mama Yuma!"