Matete ya Mgwashi

Nilipofika bwawani na maziwa ya wageni, mjomba Kristian alikuwa ameshakata nusu ya matete.

Sikumpa shikamoo. Tangu nijue kusema sijawahi kumpita bila kumwamkia.

Wageni wawili walikaa juu ya paa la gari lao, lile lenye vitanda na jiko ndani, kamera zikielekea kwenye kiota. Ni mimi niliyemwambia mjomba kuhusu kiota hicho. Siku kumi na sita nimekuwa nikimwangalia yule kuku wa maji kwa mbali, bila hata kukohoa, nikisubiri mayai yake matano yaanguliwe.

Sasa yalikuwa wazi juani. Kuku mwenyewe alisimama ng'ambo, mguu mmoja juu, hathubutu kurudi. Mwewe alishaanza kuzunguka.

"Mjomba, mwewe atayala yote!"

"Wageni wametoka mbali kuja Mgwashi kuangalia majani?" Aliinua panga tena. "Na salamu yako iko wapi?"

"Ulisema utawaonyesha tu."

"Umeishia la saba, leo unanifundisha kazi ya kutembeza wageni? Toka hapo, unaziba picha!"

Niliweka maziwa chini, nikaingia majini na viatu vyangu. Nikaokota matete aliyoyakata, yakinichuruzikia utomvu mkononi.

"Nitamwambia mama yako!"

"Mwambie. Na mwewe mwambie pia."

Nikawapa wote mgongo, nikachomeka tete la kwanza kwenye tope, mbele ya kiota. Kamera zikaanza kulia.

Nikachomeka la pili.