Kifua cha Mzee Mabruki

Bi Mwanamize aliinusa kanzu ya mumewe shingoni, akainusa mikononi, kisha akaigeuza mifuko nje ndani. Hamna kitu. Akaenda chooni, akapapasa juu ya ukuta pale paa linapoanzia. Huko nako hamna sigara. Alipotoka uani alimkuta Mzee Mabruki amekaa kizingitini, anamtazama.

"Umeridhika?" aliuliza mzee.

Mwanamize alikaa mkekani, akatia tambuu yake ya tumbaku na chokaa shavuni, akawa anatafuna polepole kwa upande mmoja, kama kawaida yake kila moyo unapomwenda mbio.

Mzee Mabruki alianza sigara akiwa kijana, enzi za kupanda mikarafuu ya watu hapo Gando. Alivuta shambani, alivuta barazani, alivuta mpaka kitandani. Watoto walikua, wakaolewa, na yeye anavuta tu. Mwaka huu kikohozi kikamshika, kikavu, cha alfajiri, kinamkunja mpaka anashika ukuta. Mwanamize alimsihi aende hospitali, mzee akawa anasema kesho. Siku alipoona damu kwenye leso hakumsihi tena. Alimwambia avae viatu.

Huko Chake Chake walipokewa na daktari mwanamke, kijana bado, jina lake Nahla. Mzee alikuwa akijibu kwa kichwa. Aliyesema ni mkewe. Alieleza kikohozi, akaeleza damu, akaeleza sigara zilivyoanza na zilivyozidi. Daktari alisikiliza huku macho yake yakimrudia yeye badala ya mgonjwa, hata akamuuliza mbona anasema kwa shida.

"Chokaa imenichoma," alisema Mwanamize. "Yangu tuyaache, mwanangu. Mgonjwa ni huyu."

Mzee akapigwa picha ya kifua, akatoa na makohozi yakapimwe. Daktari hakuwaficha. Aliwaambia kuwa moshi wa sigara huleta saratani ya mapafu, tena si ya mapafu peke yake, na kwamba mtu aliyevuta miaka mingi namna ile hana budi kuchunguzwa vizuri. Hapo ndipo mzee alipofungua kinywa kwa mara ya kwanza.

"Na umri huu, nikiacha leo itanifaa nini?"

"Hutakuwa sawa na asiyevuta kabisa," alisema Nahla. "Lakini hatari itaanza kupungua, na kila mwaka utakaopita bila sigara itapungua zaidi. Hujachelewa, mzee."

Mzee Mabruki aliitoa pakiti mfukoni, akaiacha juu ya meza ya daktari.

Siku zilizofuata nyumba haikukalika. Mzee halali, hasemeki. Mchuzi una chumvi, chai imepoa, jirani anapiga kelele. Alitupa kikombe ukutani, kisha akainama kuokota vigae na machozi yanamtoka. Mwanamize alivumilia yote. Alimfuata nyuma kila anapokwenda, akamnusa kila anaporudi. Yeye mwenyewe chakula kilikuwa hakimpiti ila uji uliopoa, na watu walipomwambia amekonda alisema ni wasiwasi wa mume.

Kisha siku moja, baada ya sala ya alasiri, mzee hakurudi kutoka msikitini. Mwanamize alimkuta nyuma ya banda la jirani, sigara mdomoni, kiberiti mkononi, hajaiwasha. Walitazamana.

"Baba Ummi," alisema kwa sauti ndogo, "mimi sitaki kukaa eda."

Mzee aliivunja sigara vipande viwili, akaikanyaga. Walirudi nyumbani.

Kesho yake simu ikalia. Alikuwa Daktari Nahla. Aliuliza hali, akasema majibu ya mzee yametoka, waje asubuhi. Kisha akaongeza neno moja: mama asikose kuja, aje naye, na asimtume mtoto kwa niaba yake.

Mwanamize alikata simu, akasimama jikoni ameshika ukuta. Alijua maana yake. Habari njema huambiwa mgonjwa mwenyewe, hata kwa simu. Anapoitwa na mke, ni kwa sababu kuna mtu atakayehitaji kushikwa. Neno lile hakumwambia mumewe. Alimpigia pasi kanzu yake nzuri, akaomba Mungu, akalia kimyakimya, akatia tambuu nyingine.

Chumbani kwa daktari hakuna aliyekaa vizuri. Nahla alifunga mlango, akaitundika picha kwenye taa. Mwanamize aliushika mkono wa mumewe akaubana. Aliziona mbavu, aliona weusi na weupe, akataka kujua weupe ule ni nini, akashindwa kuuliza.

"Mzee Mabruki," alisema daktari, "kwenye mapafu yako sikuona uvimbe. Makohozi nayo hayana kifua kikuu. Mirija ya hewa imechoshwa na moshi, na hiyo damu imetokana na kukohoa kwa nguvu. Nitakupa dawa, na tutakupiga picha nyingine baadaye tuhakikishe. Ila sigara usiirudie."

Mzee alijifunika uso kwa viganja. Mabega yakawa yanamtikisika. Mwanamize alisema Alhamdulillahi, akarudia, akarudia tena, machozi yakimchuruzika mpaka kidevuni. Alimshukuru daktari, akamwombea dua yeye na wazazi wake, akavuta buibui lake ainuke waende zao.

"Kaa, mama," alisema Nahla. Alikuwa anavaa glavu. "Bado hatujamaliza."

"Kumebaki nini tena? Si umesema mzee hana kitu?"

"Mzee hana kitu. Niliyemwita leo ni wewe."

Mwanamize alicheka kwa upande mmoja wa mdomo. "Mimi? Mimi sijavuta sigara hata siku moja, mwanangu."

"Najua," alisema daktari, akawasha tochi. "Tema hiyo tumbaku, mama, ufungue mdomo."