Shushushu wa Mtaa wa Msimbazi

Gurudumu la lori lilipasuka Mtaa wa Msimbazi kwa kishindo kama cha mzinga. Kwenye baraza la duka la Theophil kila mtu aliruka. Shomari, fundi cherehani, alimwagia kahawa kitambaa cha mteja. Mmoja tu hakutikisika. Yule kijana wa Kiarabu aliyekaa mwisho wa benchi alimaliza funda lake, akaweka kikombe chini taratibu, na ndipo akawatazama wenzake walivyosimama.

"Umemwona?" Shomari alinong'ona. "Huyo amezoea bunduki."

Kijana alikuwa mgeni pale. Alianza kuja baada ya Idi, akiagiza kahawa kwa kuinua kidole. Salamu haitikii; ukimwangalia usoni anatikisa kichwa, basi. Jina lake hawakulijua. Wenzake walipocheka, naye alicheka, akichelewa kidogo. Na mtu alipozungumza, alimkazia macho mdomoni mpaka amalize, kama anayekariri.

Mzungumzaji mkuu alikuwa Theophil mwenyewe. Ulikuwa mwaka wa themanini na tatu, duka lake la vyombo limebaki na mabakuli machache na vumbi, na maneno ndiyo bidhaa pekee aliyokuwa nayo kwa wingi.

"Sabuni haipo, lakini kodi yake ipo," alisema. "Wanatuambia tupande miti. Mafuta ya taa hayapatikani, wake zetu wapikie nini kama si mkaa? Msitu wote wa Pugu unaishia majikoni mwetu. Na huo mto Msimbazi, nendeni mkautazame: leo wa bluu, kesho mwekundu, kama doti ya khanga. Kiwanda kinachomwaga rangi humo ni cha umma. Utamshtaki nani? Ujishtaki mwenyewe?"

Kisha msako wa wahujumu uchumi ukaingia Kariakoo. Rafiki yao Sadalla, muuza nguo, alikutwa na katoni za sabuni chini ya kitanda, akapakiwa kwenye gari mbele ya wanawe. Habari ya sabuni ile Sadalla alikuwa ameitaja barazani tu, kwa majigambo.

"Ni shushushu wetu huyu," Shomari alimwambia Theophil. "Na anayefuata ni wewe. Yote uliyosema kuhusu kodi, unadhani hajayapeleka?"

Wiki ile Theophil hakupata usingizi. Kila neno alilowahi kutamka lilimrudia. Mkewe, Candida, alimsihi wafunge duka waende Moshi. Alikataa. Alikuwa na hasira sasa, na hasira ilikuwa nafuu kuliko hofu.

Jumapili alasiri, saa ambazo magari ya watu binafsi yalipigwa marufuku ili kubana petroli, barabara zilikuwa tupu. Kijana alipoondoka barazani, Theophil na Shomari walimfuata mpaka bondeni Jangwani, karibu na mto.

"Wewe! Simama!" Theophil aliita.

Hakugeuka. Akamwita tena, kwa sauti ya kupasua koo. Kijana aliendelea na mwendo wake uleule, bila kuharakisha, kama mtu asiyemwogopa yeyote mjini. Dharau ile ndiyo iliyompandisha Theophil mori.

Shomari alimpiga mtama. Theophil akamkalia kifuani.

"Nani amekutuma? Taja jina tukuache!"

Kijana aliwakodolea macho midomoni, mara huyu, mara yule. Hakutaja. Akaanza kurusha mikono, vidole vikikunjuka na kukunjika mbele ya uso wa Theophil.

"Mshike, atakutoboa macho!" Shomari alisema, akaikamata ile mikono na kuibana juu ya jiwe. "Taja!"

Kijana alizidi kumtazama mdomoni.

"Haya," Theophil alisema. "Hutaandika ripoti tena."

Theophil aliokota jiwe jingine, akaanza na mkono wa kulia. Kijana alitoa sauti moja ndefu, nzito, isiyo na neno ndani yake. Theophil alingoja aombe msamaha. Hakuomba, kwa hiyo akahamia mkono wa kushoto.

Baadaye walinawa mtoni, kwenye yale maji ya bluu.

Walisubiri kukamatwa. Hakuna aliyekuja. "Ameonja, ameufyata," Shomari alijisifu, na polepole Theophil akarudia kusema yake barazani, kodi na mkaa na mto, kwa sauti kubwa kuliko zamani.

Mwisho wa mwezi Sadalla aliachiwa. Alikuwa amekonda, lakini alijua nani alimchoma kwa polisi: shemeji yake, kwa ugomvi wa kiwanja cha Magomeni.

"Hata hivyo," Shomari alisema, "shushushu ni shushushu."

Jioni hiyo mwanamke aliyevaa buibui alisimama mbele ya duka.

"Shikamoo, kaka. Wewe ndiye Theophil?"

"Marahaba. Ndimi."

"Mimi Zeina, dada yake Nasor. Yule aliyekuwa akikaa mwisho wa benchi." Alijifuta macho kwa ncha ya ushungi. "Nimekuja kuwashukuru. Tangu tuhamie kutoka Tabora watu walikuwa wakimcheka tu. Ninyi peke yenu mlimwacha akae. Alikuwa anaoga mapema, awahi kuja kwenu."

Shomari aliinamia cherehani yake.

"Watu wamemponda mikono yote miwili, kaka. Daktari anasema vidole havitakunjuka tena."

"Amesema ni akina nani?" Theophil aliuliza.

Zeina alimtazama kama hakulielewa swali.

"Atasemaje, kaka? Nasor hasikii wala hasemi tangu utotoni. Alikuwa akizungumza nami kwa mikono."