Kikombe cha Daktari Maryamu

"Funga dirisha, Rhoda! Upepo mbaya huo."

Rhoda akafunga dirisha la basi kama baba yake alivyotaka, jasho likimtiririka. Walipofika Mombo baba yake alimnunulia chai na chapati, yeye mwenyewe hakugusa hata tone. Mtu mwenye mgonjwa, koo lake linapitisha nini?

Na mgonjwa ni huyo huyo binti. Miezi miwili nyuma, pale Mazinde, mbwa mwenye kichaa alimng'ata mguu akang'ang'ania. Baba yake, Mikaeli, mkata mkonge asiyejua woga, akamrukia, akampanua taya kwa mikono mitupu mpaka akaachia. Rhoda alichomwa sindano zote. Nesi alipotaka kumchoma na baba, kwa ile mikwaruzo ya viganjani, Mikaeli alicheka.

"Hii? Miiba ya mkonge hii. Mchome mtoto."

Sasa tangu juzi Rhoda ana homa, na Mikaeli roho haikai. Huyu ndiye mwana pekee aliyeachiwa na marehemu mkewe.

Hospitalini Korogwe, Daktari Maryamu alimsikiliza hadi mwisho.

"Damu yake ina malaria, baba Rhoda. Lakini kichaa cha mbwa hakionekani kwenye damu. Hicho tunakitambua kwa dalili. Analala?"

"Fofofo. Mimi ndiye sijafumba jicho."

"Kidonda kinamwasha?"

"Hata kidogo," alijibu Mikaeli, akijikuna kiganja.

Daktari akachukua faili, akampepea Rhoda usoni. Binti akacheka. Akampa kikombe cha maji; akakinywa chote, akaomba kingine.

"Hana," alisema daktari. "Angekuwa nacho, upepo ungemtesa, na maji asingeweza hata kuyatazama."

"Mungu mkubwa!" Mikaeli alipiga makofi, machozi yakamtoka. Loo, alitamani kumbeba mwanawe mgongoni kama zamani!

Daktari Maryamu hakucheka. Macho yake yalikuwa kwenye kile kiganja.

"Rhoda, mama, kanisubiri nje kidogo kwa nesi."

Mlango ulipofungwa, alijaza kikombe tena, akakisogeza taratibu upande wa pili wa meza.

"Haya, baba Rhoda. Na wewe kunywa."

Mikaeli akatabasamu, akanyoosha mkono. Maji yakacheza kikombeni, koo likambana ghafla, na kiti kikaanguka nyuma yake.